Mshale Uliolala Asubuhi

Zinga, Bagamoyo
10 Februari 2025

Kwa mke wangu mdogo Lulu, Tanga.

Mimi Majaliwa Shuaibu nina miaka sabini na tisa na msikitini nakwenda kwa miguu yangu, bila fimbo. Karakana ya korosho nilikofundishwa kukereza chuma imekufa, mimi nipo. Mabwana wakubwa wa pale wamekufa, mimi nipo. Nimemzika bibi yako Biubwa, nimemzika baba yako Seleman ambaye ndiye alipaswa kunizika mimi, na yule daktari aliyeniambia niache kazi ya vyuma kwa ajili ya kifua, naye nimebeba jeneza lake. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mzee amekwisha, mwambie apange foleni.

Baada ya hayo, sisi wazima. Shangazi yako Habiba angekusalimu kama angejua nakuandikia. Cherehani yake inalia kutwa, anashona sare za shule. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Ramadhani inabisha hodi na mimi nitafunga zote, usiniulize.

Sasa la maana. Kina mama wa Fukayosi wana mashine ya kusaga, mkubwa wao ni Mwanamkasi, mwanamke ana sauti ya kuamsha kijiji. Shafti yao iliharibika, nikawakerezea mpya. Ikatikisika. Ikaunguza beringi hata unga wa kwanza haujajaa debe. Lulu, tangu nishike kazi hii hakuna chuma nilichokereza kikatikisika. Shafti unaikereza upande mmoja, unaigeuza, unakereza wa pili, na ukishaigeuza lazima uirudishe katikati kabisa, la sivyo pande mbili hazisemezani. Mimi napima kwa chaki. Chuma kinazunguka, unakisogezea chaki pole pole, palipopata alama ndipo palipotoka nje, unakaza taya za mashine zinazokibana. Watu walikuwa wanakuja kutazama mkono wangu na chaki. Chaki za siku hizi mbovu.

Mwanamkasi kasema atanipa chuma kingine nirudie, mara hii tu. Na Habiba kasema ikitikisika tena, mashine yangu ya kukerezea inauzwa, banda liwe la cherehani zake, mimi nikae barazani na tasbihi. Kaniambia mbele ya wageni.

Wewe unafanya kazi duka la vyombo vya mafundi. Nataka ile saa ya kupimia, yenye mshale, inayogusa chuma ikakwambia kimetoka nje kiasi gani. Karakana ilikuwa nayo moja, anaishika msimamizi peke yake kama ufunguo wa pepo. Nataka yangu. Isiwe ya bei ya kitajiri. Simu usipige, simu ya nyumba hii anaishika Habiba pamoja na masikio yake. Andika, mpe Muharami dereva wa basi la njia ya Pangani.

Mumeo,
Majaliwa


Tanga
6 Machi 2025

Shikamoo mume wangu, mzee wa meno matatu na maneno elfu.

Ramadhani karimu. Mimi mzima, chumba changu kinavuja kona moja tu, na kwa bahati kitanda hakipo kona hiyo. Barua yako imekawia kwa sababu Muharami aliichomeka juu ya kioo cha gari akaisahau, imekwenda Pangani na kurudi mpaka abiria mmoja akaisoma bahasha kwa sauti.

Nimefurahi kwa pacha wa mbuzi. Kuhusu shafti nimesikitika.

Saa za kupimia ziko za namna tatu. Mpya kutoka Japani, bei yake ng'ombe wa maziwa, hiyo tuwaachie wenye viwanda. Mpya ya Kichina, bei ya majogoo wawili, inafaa kazi yako kabisa ukiitunza. Na ya tatu ni mtumba, zimetoka kwenye karakana za mashamba ya mkonge yaliyofungwa. Bwana Mahmoud, mwenye duka, ana mbili kabatini. Mtumba unaujaribu hivi: unabonyeza kile kijiti chake, unaachia, unabonyeza, unaachia. Mshale urudi palepale kila safari. Usiporudi, mrudishie mwenyewe na umpe pole. Moja ya hizo ni nzima. Ningekuwa wewe ningechukua hiyo, uso wake ni mkubwa kama kisahani cha kikombe na namba zake zinasomeka.

Ila usihangaike na saa ukasahau mguu wake. Mguu ni wa sumaku, unang'ang'ania kwenye chuma cha mashine. Wengi hununua saa nzuri wakaifunga kwenye mguu legevu, basi saa inapima tetemeko la mguu wake wenyewe, na fundi anaikosea shafti adabu bure. Bora tubane kwenye saa kuliko kwenye mguu.

Mume wangu, nikuulize. Mistari ya barua yako imepandana, na mahali pengine umeandika juu ya maneno uliyokwisha kuandika. Ulikuwa unaandika taa imezimika?

Shangazi alinipigia juzi. Tuliongea mambo ya kawaida.

Mkeo mvumilivu,
Lulu


Zinga
21 Aprili 2025

Kwa mke wangu Lulu mwenye maswali.

Idi imepita salama, nimefunga zote kama nilivyosema, na Habiba ni shahidi ingawa yeye atakwambia nilikuwa nalala kutwa. Kulala nako ni ibada. Masika imeshika, kisima kimejaa, pacha mmoja wa mbuzi kafa na mwingine ana vurugu ya wawili.

Hiyo saa ya mtumba sitaki. Nguo ya mkonge uliokufa sivai. Nimetumia vya watu maisha yangu yote, safari hii nataka kitu ambacho mkono wa kwanza kukifungua ni wangu. Niletee ya Kichina, pamoja na mguu mgumu kama ulivyosema, katika hilo umenena kama mtoto wa Seleman.

Umeandika bei ni majogoo wawili. Nimempa Muharami majogoo wawili. Wekundu, wakali.

Mistari ni kalamu mbovu.

Umesema uliongea na Habiba mambo ya kawaida. Habiba hana mambo ya kawaida.

Mumeo,
Majaliwa


Tanga
12 Mei 2025

Shikamoo mume wangu.

Babu jamani! Majogoo wawili ilikuwa namna ya kusema! Amefika mmoja. Muharami anaapa wa pili aliruka dirishani Saadani wakati wa ukaguzi akaingia mbugani, na sasa ni mali ya hifadhi. Nilimwuliza mbona ndevu zake zinanuka mchuzi, akacheka. Huyu aliyefika anawika alfajiri chumbani kwangu na mwenye nyumba ameanza kunitazama. Bwana Mahmoud alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipunguzia bei, nikamalizia mwenyewe. Usiniulize kiasi gani.

Basi hii hapa saa yako, mpya, mkono wa kwanza ni wako. Mguu wa sumaku uko boksi la chini, ni mzito, usimwachie Muharami aushike karibu na saa yake ya mkononi. Maelezo nimeyaandika kwenye kikaratasi ndani ya boksi. Herufi ni ndogo kwa sababu boksi lenyewe dogo. Tafadhali kisome chote kabla hujagusa kitu. Ukiona shida kukisoma niambie, hakuna aibu.

Barabara ya Mkwaja imejaa matope, sijui hii itakufikia lini. Shangazi kapiga tena. Ana jambo.

Mkeo,
Lulu


Zinga
9 Julai 2025

Kwa mke wangu Lulu, binti wa Seleman, mjukuu wa fundi.

Kipupwe kimeingia, alfajiri tunajifunika shuka mbili. Habiba ana mafua lakini mdomo haujaugua. Na mimi nakuandikia nikiwa mtu mwenye furaha.

Saa imefika. Maelezo yako nimeyasoma yote, mazuri sana. Nimeipokea kama inavyopokewa mgeni, nimeifuta, nimeipaka mafuta ya nazi niliyokamua mwenyewe, kijiti chake nimekilowesha vizuri mpaka kinateleza kama ulimi wa mposaji. Inang'aa, watu wanakuja kuitazama. Seremala wa jirani kaomba kuishika nikamwambia akanawe kwanza.

Nimeisoma desturi yake. Mchana inahangaika, mshale unapiga huku na huku, haina utulivu. Asubuhi baada ya sala imetulia kama mtu mzima. Kwa hiyo naitumia asubuhi, joto halijaisumbua. Nimeifunga shafti ya Mwanamkasi, nimeigeuza, nimeisogezea saa, nimezungusha kwa mkono. Lulu, mshale haukutikisika hata unywele! Mara ya kwanza! Sikugusa hata taya moja. Ndiyo nikajua kwamba mkono wangu haukuwa na kosa tangu mwanzo, kosa lilikuwa la chaki.

Nimekereza, nimemaliza, kesho inapanda gari kwenda Fukayosi. Namba zenyewe wamezichora ndogo kama chawa, Wachina ni watu wabahili wa wino. Lakini mtu akijua kazi hahitaji namba, anatazama tu kama kitu kinasogea au hakisogei.

Habiba nimemwambia aanze kutafuta pengine pa kuweka cherehani.

Mumeo mwenye saa,
Majaliwa


Tanga
24 Julai 2025

Babu,

Sikuiti mume leo. Shafti usiifunge kwenye mashine ya Fukayosi. Kama imeshafika, waambie wasubiri.

Kesho alfajiri, kabla jua halijapasha bati la banda, bonyeza kijiti cha saa kwa kidole, uachie. Tazama kama kinarudi. Halafu fanya vivyo hivyo baada ya adhuhuri. Halafu uniandikie ulichoona.

Mara mbili nimeshika simu nimpigie Shangazi akwambie, nimeiweka. Ulinikataza, na mimi nina sababu yangu nyingine ya kumwogopa Shangazi. Muharami yuko kwenye harusi ya bintiye hadi mwisho wa mwezi na dereva anayemshikia gari simjui. Barua hii nampa hivyo hivyo, kwa dua.

Lulu


Zinga
4 Agosti 2025

Lulu.

Imetikisika. Barua yako ilifika siku mbili baada ya shafti kurudi. Beringi imeungua, Mwanamkasi hakupiga kelele, aliniwekea shafti kwenye kiroba akasema mzee wetu pumzika. Bora angepiga kelele.

Jana alikuja mtu na Habiba wakaingia bandani. Akapiga picha mashine yangu mbele na nyuma, akazungusha gurudumu lake. Nikamwuliza umetoka wapi bwana, akasema Tanga, jina lake Mahmoud, ana duka la vyombo vya mafundi.

Unamjua?

Majaliwa


Tanga
15 Agosti 2025

Shikamoo Babu. Hata usipoitikia, nimekuamkia.

Namjua. Mwezi Machi Shangazi alinipigia akaniambia nimtafutie mnunuzi wa mashine, kwamba wewe utakatwa vidole siku moja, kwamba umevaa kanzu kinyume kwenda Ijumaa na hukujua. Nikasema hapana. Mei akarudia, nikasema hapana. Juni alilia, Babu. Sijawahi kumsikia Shangazi analia. Nikamwambia Bwana Mahmoud atakwenda kutazama, kutazama tu, nikijua moyoni kwamba wakati huo shafti yako itakuwa inazunguka Fukayosi na wewe utamfukuza kwa majigambo. Wewe nikakuficha lake, yeye nikamficha lako. Ndivyo nilivyofanya na sina utetezi.

Sasa nisikilize habari ya saa. Kijiti hakipakwi mafuta. Hakuna mafuta, si ya nazi wala ya cherehani. Chupa ya mafuta ya nazi asubuhi ya Julai unaimimina, au unaichota kwa kidole? Umeyaona yakiganda maisha yako yote. Yaliganda ndani ya saa. Kijiti kilisukumwa juu mara moja kikalala hukohuko, shafti inazunguka imetoka nje, mshale umelala, na wewe ukadhani ni utulivu. Mchana yalipoyeyuka ndipo saa ilipokuwa inakwambia kweli. Ulikuwa unaisikiliza inapolala na kuipuuza inapoamka.

Hilo la mafuta lilikuwa neno la pili kwenye kikaratasi changu. Uliniandikia umesoma yote.

Babu, mimi sikulaumu. Nilijua tangu barua ya kwanza na bado nikakuandikia herufi za chawa. Mistari yako haipandani kwa sababu ya kalamu.

Nimemwambia Bwana Mahmoud asubiri hadi Oktoba. Kasema mashine ni nzima, imetunzwa, na kwamba alishika kile chuma ulichokikereza na ukerezaji wake ni laini kama kioo. Kilichokosewa ni kukirudisha katikati tu. Amenipa ile saa ya mtumba, yenye uso wa kisahani, niilipie taratibu. Hii hapa. Nimeisafisha mwenyewe, ni kavu kama koo la mfungaji. Ile ya Kichina nirudishie niioshe.

Na bado unahitaji mtu wa kuisoma. Yupo mtu nyumbani kwako anatunga uzi kwenye sindano magharibi inaingia, bila miwani. Mimi nimeshaandika, sitaandika tena.

Mjukuu wako,
Lulu


Zinga
30 Septemba 2025

Kwa mke wangu mdogo Lulu, Tanga. Marahaba. Ile ya Agosti nilichelewa kuiitikia, naiitikia kwa hii.

Mwandiko huu si wangu, ni wa Habiba. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mimi nina kazi za maana za kufanya kwa mikono. Nimemwamuru aandike kila ninachosema bila kuongeza.

(Naongeza ninapoona pana haja. H.)

Tu wazima. Mafua yamekwisha. Pacha wa mbuzi kala daftari la vipimo vya wateja wa Habiba, sasa watoto wa Zinga watavaa sare za kukisia. Muharami nilimbana juu ya jogoo, kakiri kwamba hakuingia mbugani, aliingia kwenye sufuria, siku ile ile. Nimemsamehe kwa masharti.

Barua yako ilinikaa kooni wiki nzima. Nilitaka kukuandikia maneno. Halafu nikachukua chupa ya mafuta ya nazi alfajiri moja ya baridi, nikaipindua. Hayakutoka. Nikakaa nayo vile vile, chini juu, mpaka Habiba akauliza baba unafanya nini na chupa yangu ya nywele.

Nikaenda Fukayosi mwenyewe, nikamwomba Mwanamkasi chuma cha tatu. Akasema hapana. Nikasema basi nitakaa hapa. Nikakaa. Wanawake wakaja na ndoo zao za mahindi, wanakuta mashine imekufa na mimi nimekaa mlangoni, kila mmoja ananiamkia, kila mmoja anauliza mzee kulikoni. Kufikia alasiri Mwanamkasi akanipa chuma ili niondoke.

Nikakereza upande wa kwanza. Nikageuza. Nikaweka ile saa yako ya mkonge, na niseme ukweli uso wake ni wa heshima, ningeichukua tangu mwanzo kama ungenishauri.

(Alishauriwa. Barua ninayo hapa. H.)

Nikamwita Habiba nikamwambia njoo unishikie taa. Akaja. Nikamwambia kwa kuwa umeshasimama, niambie mshale uko wapi. Akasema kwani baba wewe huuoni? Nikamwambia nauona sana, nataka kujua kama wewe unauona.

(Lulu, hakusema hivyo. Nilipomwuliza alifuta mikono kwenye kitambaa muda mrefu. Halafu akasema, mwanangu, nisomee. H.)

Ameandika nini hapo? Hataki kunisomea. Haya.

Basi mimi nazungusha shafti kwa mkono, yeye anapiga kelele, umekwenda kulia, unakwenda, umesimama, unarudi. Mimi nakaza taya. Anasema nusu. Nakaza. Anasema bado kidogo kama upana wa uzi. Nakaza. Ana mdomo wa kufaa kazi hii, miaka yote nilikuwa nautumia vibaya. Akanikatalia nisianze kukereza mpaka azungushe mwenyewe na kutazama tena, na alipotazama akanirudisha nyuma. Fundi mzima nikarudishwa nyuma na mshona sare. Nikarudi, na alikuwa na haki.

Shafti imefungwa Fukayosi tangu wiki iliyopita. Mwanamkasi aliweka kiganja juu ya beringi mashine ikiwa inasaga, akakiacha palepale, anatazama juu kama anayesikiliza redio, unga unashuka. Alikiacha mpaka debe likajaa. Halafu akapiga kelele, na kelele hiyo ndiyo niliyoifuata.

Habari ya Mahmoud, mwambie mashine haiuzwi. Mwambie pia kwamba mtu anayejua ukerezaji laini anapouona anakaribishwa chakula hapa. Habari yako na Habiba kunificha, mimi ndiye niliyeanza kuficha, kwa hiyo mnyororo huo tuutupe wote watatu. Umesikia, mke wangu. Mahmoud mlipe polepole, na usinunue kingine bila kuniuliza, isipokuwa vile vyuma viwili pacha vya kuinulia shafti nikiipima, vilivyo sawa kimo. Mtumba pia vinafaa.

Na kama kuna mtu Tanga atabisha haya, na aulizwe Mwanamkasi wa Fukayosi, kiganja chake kizima hakina lengelenge. Aulizwe Muharami, ndiye aliyeipakia shafti ikienda, na tangu jogoo hasemi tena uongo. Na kwa yaliyotokea ndani ya banda shahidi ni mmoja, ndiye mwenye kalamu. Andika Habiba, andika unachotaka.

(Nimeshuhudia. Mshale nimeuona kwa macho yangu, ulihama, akakaza, ukarudi, na mara ya mwisho haukuhama, na ilikuwa adhuhuri. Cherehani moja nimeihamishia bandani, dirishani, upande wa kushoto wa mashine yake, nisikie anaponiita. Tutabanana. Habiba Majaliwa, msomaji wa mshale.)